Kivumishi Alichokisubiri Burul

Mwalimu Burul alinifundisha Kiingereza tangu nikiwa mtoto wa misuko miwili, kisha nikaja kuwa mwalimu mwenzake katika shule ileile ya At-Bashi. Chumba changu kilipakana na chake, nami nikazoea kumsikia kupitia ukuta. Kila mwaka, baridi ikiwa imeshika na makaa ya shule yanakaribia kwisha, alifika kwenye somo la vivumishi virefu, na kila mwaka sauti yake ilibadilika. Masomo mengine aliyapeleka mbio, kama mtu anayekamua ng'ombe huku anaitwa nyumbani. Hili alilifundisha taratibu, akiwa amewapa watoto mgongo, anaandika ubaoni.

Kanuni yenyewe si ngumu. Kwa Kiingereza, sifa fupi hujiotesha mkia: big huwa bigger, halafu biggest. Sifa ndefu haibadiliki hata herufi moja. Unaitangulizia more ukitaka kusema kitu kimekizidi kingine, na the most ukitaka kusema kimevishinda vyote. Watoto wetu hawaoni sababu ya kuhangaika na mikia. Kwa Kikirgizi, ukitaka kusema kitu kimeshinda vyote, unaweka neno moja mbele ya sifa yoyote, fupi au ndefu, na kazi imekwisha. Kwa hiyo wanaandika most big, most good, na Mwalimu Burul anapitisha wino mwekundu.

Niliona tu kwamba somo lile lina jambo kwake. Jambo lenyewe nililijua mwaka tulipoitwa Bishkek, mji mkuu wetu.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, miaka michache baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Tuliambiwa kuna Mwingereza anakuja kukaa na walimu wa Kiingereza kutoka nchi nzima. Mwalimu Burul alikuwa amefundisha lugha hiyo zaidi ya miaka ishirini bila kuzungumza na mtu hata mmoja aliyezaliwa nayo. Alishona gauni jipya. Wakati huo alikuwa mjane. Mumewe, Sharshen, mchunga farasi wa shamba la serikali, alianguka na farasi juu ya barafu akafa palepale. Kwenye matanga Mwalimu aliomboleza kama mila inavyotaka, kisha akarudi darasani, na tangu hapo sikumsikia akimtaja.

Kwenye basi la kwenda Bishkek alinisimulia habari za Jumakadyr.

Walisoma pamoja chuoni Bishkek, mji ungali unaitwa Frunze. Chumba cha matamshi kilikuwa na kinasa sauti kimoja na vifaa vichache vya kusikilizia, hivyo wanafunzi waliketi wawiliwawili, kila mmoja ameshikilia upande wake sikioni, vichwa vimekaribiana. Jumakadyr alikuwa kijana wa kusini, hodari wa kuongea na mzembe wa sarufi. Kwake kila kitu kilikuwa most: most cold, most sweet, most late. Burul alimchapa vidole kwa rula na kumwambia sifa fupi zina mikia yake, asiziwekee most. Yeye alijibu kwamba anazipenda ndefu, kwa sababu zinakubali kusaidiwa. Majira ya baridi ya mwaka wa mwisho walikuwa wakirudi bwenini kwa miguu kila jioni, wakichagua njia ya kuzunguka.

Siku zile serikali ndiyo iliyoamua mhitimu aende wapi. Waliooana walipelekwa pamoja, na wasiooana kila mtu alikwenda kivyake. Jumakadyr alimwandikia baba yake kuomba ruhusa ya kuoa. Jibu halikuja, na kamati ya kuwapangia wahitimu kazi ikakaa. Burul akapangiwa At-Bashi, bonde la kwao, mlimani karibu na mpaka wa China. Jumakadyr akapangiwa Batken, upande wa pili kabisa wa nchi.

Siku ya kuondoka, Burul alikaa dirishani kwenye basi la Naryn, mji wa njiani kwenda kwao. Jumakadyr alisimama chini yake. Watu walikuwa wengi, kwa hiyo akasema kwa Kiingereza ili wasielewe: "Burul, you are the most..." Akanyamaza, akawa anatafuta neno. Injini ikanguruma, basi likaondoka.

"Nilijua angalau ni neno refu," Mwalimu aliniambia. "Lingekuwa fupi angelitia mkia." Alitazama nje kidogo. "Halafu nikakumbuka kwamba yeye mikia hakuijua."

Tulicheka sote. Lakini aliendelea kueleza, nami nikaona kwamba kwake haikuwa mzaha. Miaka yote ile alikuwa akilijaribisha neno hilo. Akikanda unga, akichota maji kwenye barafu iliyotobolewa, aliweka neno moja mwisho wa sentensi ile na kulisikiliza. Kuna miaka alikubali beautiful. Mwaka mwanawe wa kwanza alipougua, na yeye akikesha naye, alikubali patient, mvumilivu. Kuna siku aliona bila shaka lilikuwa difficult, kwa sababu anajijua alivyo. Jumakadyr alimwandikia kwa muda, baadaye akakoma, na habari zikafika kwamba ameoa binti aliyechaguliwa na baba yake. Vuli iliyofuata Burul akaolewa na Sharshen.

Nilimwuliza kama mumewe alijua habari hizi.

"Sharshen hakujua Kiingereza," alisema, na hapo mazungumzo yakaishia.

Tulilala kwenye bweni la chuo, vitanda vyetu vikitazamana. Asubuhi ya kwanza Mwingereza aliingia ukumbini amevaa ndala, nywele bado mbichi, msichana ambaye angeweza kuwa binti wa nusu ya waliokuwamo. Aliitwa Hilary. Alipofungua mdomo, Mwalimu Burul alinishika mkono akaubana. Mimi nilipata neno moja katika matatu. Wakati wa chai nikamwuliza vipi.

"Asipa, msichana anakwenda kama mto wa masika," alisema. "Sioni jiwe la kukanyaga."

Lakini macho yake yaling'aa. Alikwenda kusimama karibu na Hilary ili asikilize tu, na siku zilivyopita mawe yakaanza kuonekana.

Jumakadyr alifika siku ya pili, somo likiendelea. Barabara ya kutoka Batken ilikuwa ndefu na ya kuzungukazunguka. Alikuwa mtu mnene mwenye upara chini ya kofia ya sufu, amebeba gunia la matunda ya aprikoti yaliyokaushwa. Akaanza kuwagawia watu kiganja kwa kiganja hata kabla hajatafuta kiti. Alipofika mbele yetu, kiganja kikabaki hewani.

"Burul? Ni wewe, au ni binti yake?"

"Binti yangu ni mzuri kuliko mimi," Mwalimu alijibu. "Kaa chini. Umechelewa."

Watu wakacheka, naye akaketi nyuma yetu. Mwalimu hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imewiva mpaka kwenye ukosi wa gauni jipya.

Nilimpenda Jumakadyr tangu siku hiyo. Alikuwa naibu mkuu wa shule, mkewe yuko, watoto watano, na alizungumzia mambo yake yote kwa furaha bila kujigamba. Sarufi yake ilikuwa imenyooka kabisa. Hilary alipotutaka tujigawe wawiliwawili, kila jozi iandae somo la mfano, Jumakadyr alinyanyua mkono kabla ya wote.

"Mimi na Mwalimu Burul tutafundisha vivumishi virefu," alisema. "Yeye ndiye aliyenifundisha mimi, kwa rula."

Walijiandaa mchana wa siku iliyofuata, kwenye benchi mbele ya bweni. Nilikuwapo, kwa sababu Mwalimu aliniomba niwakatie kadi za maneno. Kwa muda walibishana kama walimu. Yeye alitaka kuanza na kanuni, Jumakadyr alitaka kuanza na mifano. Wakapatana. Walikula aprikoti na kutema kokwa kwenye karatasi. Ndipo Mwalimu aliposema, bila kuinua macho kutoka kwenye kadi, kwamba ana swali.

"Siku ile kituoni ulitaka kusema nini?"

"Kituo gani?"

"Cha mabasi. Basi la Naryn. Mimi nilikuwa dirishani."

Jumakadyr alirudisha aprikoti aliyoishika kwenye karatasi. Basi lenyewe alilikumbuka. Alikumbuka koti la kijani alilovaa Burul, lenye kifungo kimoja cheusi kisichofanana na vingine. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe aligonga kioo kwa ukucha.

"Ulisema kitu," Mwalimu alimwambia. "Kwa Kiingereza."

"Mimi? Nilikuwa siwezi hata kumeza mate, Burul."

"Ulisema, you are the most. Ukaishia hapo."

Alifikiri kwa muda mrefu, na niliona anafikiri kwa dhati, macho ameyafumba kidogo kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyewahi kulala kwake.

"Labda nilisema," alijibu. "Siku zile kila kitu nilikiita most, unajua mwenyewe. Lakini sikumbuki. Ningependa kukudanganya, ila sikumbuki."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kukubali. Jumakadyr akahangaika pale alipokaa. Alikuwa mtu asiyeweza kumwona mwingine na huzuni bila kumpa kitu.

"Basi ngoja niimalizie sentensi sasa."

"Usiimalizie."

"Neno moja tu."

"Ukilisema leo utakuwa umelichagua leo," Mwalimu alisema. "Utakuwa umemchagulia mama mtu mzima aliyekuuliza. La siku ile nani atalileta?"

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu nami nilitamani kuondoka, lakini kadi zilinijaa mapajani. Kisha Jumakadyr akasema kwamba yeye pia ana swali lake la siku ile, na alikuwa amekata tamaa ya kuliuliza.

"Kwa nini hukugeuka? Basi lilipoondoka nilisimama pale mpaka likapinda kona. Ulitazama mbele tu. Nikajisemea, huyu ameshanifuta."

"Nilikuwa nalia. Sikutaka unione."

Jumakadyr alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Baba alikubali," alisema. "Jibu lake lilifika wiki iliyofuata. Alisema nikuoe, yeye atakwenda kwa wazazi wako mwenyewe. Nikakaa na barua ile nikifikiri, nitamfuataje mtu ambaye hata hakugeuka? Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Halafu baada ya baridi."

"Nilisikia baba yako ndiye aliyekuchagulia mke."

"Mwaka uliofuata. Nilimwambia achague yeyote."

Mwalimu Burul alisimama. Hakumtukana wala hakulia. Alikung'uta gauni, akapanda ngazi za bweni akishika ukuta, na mimi nikabaki nimekaa na mwanamume ambaye kofia yake imeanguka chini na haioni. Baada ya muda aliniuliza kama mume wa Burul alikuwa mtu mwema. Nilisema ndiyo, alikuwa mtu mwema, mkimya. Akasema vizuri. Akarudia, vizuri, na kuanza kuokota kokwa zilizokuwa zimedondoka.

Asubuhi ya somo nilidhani hatashuka. Alishuka, nywele zimebanwa, chaki mfukoni. Ukumbi ulijaa walimu waliojifanya wanafunzi, na wengine walijifanya watundu kupita kiasi. Sehemu ya kwanza aliiongoza kama nisivyopata kumwona. Aliwapanga watu wawiliwawili, akawafanya wabishane kwa more: mji wa nani una baridi ya kuchosha zaidi, mkwe wa nani ana maneno ya kuudhi zaidi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Hilary alikuwa akiandika haraka.

Mwalimu akageukia ubao kuingia sehemu ya pili. Aliandika The most, kwa mwandiko wake ule wa mviringo, kisha mkono ukasimama. Tulingoja. Chaki ilikuwa imegusa ubao na haikwenda. Mtu wa nyuma akakohoa. Hilary alitabasamu, akidhani ni ufundi wa kuwafanya wanafunzi wafikiri. Mimi niliona mabega ya Mwalimu yakipanda na kushuka, nikajua hawezi kugeuka akatuonyesha uso.

Jumakadyr aliinuka. Alikwenda kusimama kando yake, baina yake na sisi, mwili wake mpana ukamfunika.

"Hapa ndipo mwanafunzi mbovu hukwama," alituambia. "Mimi nilikwama hapa hapa, na mwenzangu hapa ndiye aliyepata hasara. Sasa nisaidieni nyinyi. Kila mtu aseme kwao. Talas, anza."

Wa Talas akasema maharage yao ndiyo yanayotamanika kuliko yote. Wa Karakol akampinga. Kelele zikapanda, kila bonde linataka the most yake, na katikati ya kelele hizo Mwalimu alijifuta kwa kiganja chenye chaki, akageuka, akamsahihisha mtu wa Jalal-Abad aliyesema most rich. Sifa fupi, akamwambia, ina mkia wake. Somo likaisha vizuri. Hilary alipowasifu alitaja hasa kile kimya cha katikati. Mwalimu alimshukuru kwa Kiingereza safi.

Siku zilizobaki waliongea kama watu wawili waliobeba kitu kizito kwa pamoja na sasa wamekitua. Waliongea habari za watoto, ukosefu wa vitabu, na walimu wenzao wanaoacha kazi kwenda kuuza sokoni. Sikuwaona tena peke yao kwenye benchi.

Jumakadyr alitusindikiza kituoni. Mwalimu aliingia kwanza kwenye basi, akaniambia nikae mimi dirishani. Jumakadyr alinipitishia gunia dogo la aprikoti, akamtakia Mwalimu safari njema, naye akawatakia afya njema mkewe Jumakadyr na wanawe. Aliniambia mimi nimtunze mwalimu wangu. Basi likaondoka.

Barabara ilipoanza kupanda kuelekea mlima wa Dolon, theluji ya mwaka jana ikionekana mitaroni, nilimwuliza Mwalimu kama amemkasirikia Jumakadyr kwa habari ile ya baba yake. Alisema alikasirika siku moja, kisha hasira ikaisha, kwa sababu mwenye kosa hakumpata. Jumakadyr alimngoja ageuke, yeye akangoja sentensi iishe. Wote wawili walikuwa watoto.

"Kinachoniuma ni kitu kingine," alisema. "Nikikosa usingizi nilikuwa na pa kwenda. Nilikwenda kwenye neno lile. Sasa nikifika sikuti mtu. Hata cha kutamani sina, Asipa. Nimekuwa kama nyumba iliyohamwa."

Nilimpa aprikoti, akaipokea, akakaa nayo mkononi mpaka Naryn.

Mwezi mzima baada ya kurudi hakuonekana. Nilimpitia mara kadhaa, nikamkuta amekaa uani, maziwa yamechachia ndooni. Niliogopa. Lakini asubuhi moja ya katikati ya kiangazi alinijia amevaa buti za mumewe na kitambaa kizito kichwani, akaniomba nimsindikize malishoni. Alitaka kwenda kwa Omurzak, ndugu mdogo wa Sharshen, ambaye kila kiangazi alihamisha farasi na hema lake la sufu juu milimani. Tangu msiba hakuwahi kufika huko. Omurzak alikuwa akimtumia nyama na maziwa ya farasi kwa watu, yeye akirudisha vyombo na salamu.

Tulipata lori mpaka daraja la mwisho, kisha tukatembea. Omurzak alitutambua tukiwa mbali, akatoka kutupokea akiwa hajui aweke wapi mikono. Alikuwa mtu mwenye haya. Mkewe alitandika mkeka na kitambaa cha chakula, akaleta mkate, siagi na mabakuli ya maziwa ya farasi yaliyochacha. Tulikunywa. Tukaulizana habari za mifugo na za majani. Mwalimu alipomaliza bakuli lake alilifunika kwa kiganja ili wasimwongeze.

"Shemeji," alisema, "nisimulie habari za kaka yako. Nilikaa naye miaka yote ile, sikumwuliza kitu."

Omurzak alimtazama mkewe. Alisema yeye si msemaji. Alisema Sharshen naye hakuwa msemaji, sasa atasimulia nini. Mwalimu akangoja. Nje farasi walikuwa wakikata majani, tuliwasikia.

"Basi hii," alisema mwishowe. "Unajua alikuja kwenu mara tatu kabla ya kukuposa? Anafika mpaka lango la baba yako, anageuza. Mimi nikiwa nyuma yake, nimebeba zawadi. Mara ya tatu nikamwambia, kaka, hii nyama itaoza."

"Aligeuza kwa nini?"

"Mbwa wa baba yako. Aliumwa na mbwa utotoni. Mtu huyu alipanda farasi ambao hata mimi siwakaribii, lakini mbwa alikuwa akimtetemesha. Aliniapisha nisikwambie."

Mwalimu Burul aliondoa kiganja juu ya bakuli.

"Lakini tulikuwa na mbwa wawili uani," alisema. "Kila mwaka. Mimi ndiye niliyewataka."

"Ndiyo."

"Na yeye ndiye aliyewalisha."

"Kwa mti mrefu," Omurzak alisema. "Mwanzoni alikuwa akisukuma bakuli kwa mti mrefu, ukiwa umekwenda shule."

Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akainama juu ya kitambaa cha chakula, na mke wa Omurzak akacheka, na mimi pia. Kisha sisi tukanyamaza na yeye akaendelea, lakini kilichokuwa kikitoka hakikuwa tena kicheko. Alimlilia mumewe pale, mbele yetu, bila maneno ya mila, mikono ameibana kati ya magoti. Hakuna aliyemzuia. Mke wa Omurzak alisogea akakaa ubavuni mwake, bega kwa bega.

Alipotulia alijipangusa kwa ncha ya kitambaa, akasukuma bakuli lake mbele lijazwe.

"Nyingine," alimwambia shemeji yake. "Nisimulie nyingine."

Omurzak akamimina maziwa, akafikiri kidogo, akaanza.